Alichokuwa Akiomba Baba Yetu Shamsudin

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipotutoka, uji wako ukiwa haujapoa. Watu hutumia nafasi kama hii kumsifu maiti wao, na wewe sifa unazo tele. Lakini safari hii sisi wanao tuna la kukuungamia, na tumeona bora tuliseme mbele ya watu, kwa kuwa uongo wenyewe tuliusema mbele ya watu.

Tuanze na yasiyo na aibu. Ulikuwa fundi vioo. Kwa miaka arubaini na moja ulikata vioo katika duka lile jembamba la Mji wa Kale, penseli sikioni, na fundi mwenzako Katana upande wa pili akiunda fremu. Ulikuwa ukipitisha almasi ya kukatia juu ya kioo huku umekitegea sikio kama daktari, kisha unakigonga kidogo kwa chini, nacho kinaachana pale pale ulipotaka. Ulitwambia kioo husema kabla hakijakatika, na asiyesikia hukatwa mkono. Watoto wakivunja dirisha la mjane kwa mpira, ulikwenda kulitia kioo kipya ukamwambia ni kipande kilichobaki dukani. Sisi tuliokuwa tukifagia duka tulijua hakikuwa kipande chochote.

Na ulikuwa na zile sahani zako saba za santuri. Ulizipata mtaa wa Mbaraki kabla Afaf, bintiyo mkubwa, hajazaliwa. Ulikwenda kutia vioo katika nyumba ya bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akihama, ukasikia piano ya santuri chumba cha pili, ukasimama na kioo mikononi mpaka mikono ikakufa ganzi. Bibi yule akakwambia uchague kitu cha ukumbusho. Vilikuwepo viti vya msaji, ilikuwepo saa ya ukutani, na wewe ukachagua kasha la sahani kuukuu. Mama yetu Raihana hakukusamehe kwa vile viti mpaka leo.

Sahani zote saba zilipigwa na mtu mmoja, mwanamke, na jina lake kwenye jalada hukuweza kulitamka, ukamwita Yule Bibi. Mama yeye alimwita mke mwenzangu. Jumamosi ikifika, umeshasali Alasiri, Mama alikuwa akikwambia haya, nenda zamuni, mke mwenzangu amekaa anakungoja. Nawe ukacheka, ukaipangusa sindano, na Katana akaingia na kikombe chake mwenyewe, kwa kuwa vya nyumbani alisema ni vya wanasesere.

Hakuna aliyeruhusiwa kusema mpaka upande uishe. Wala hukuwahi kuiacha piano ikagongana na adhana. Ulizijua dakika za kila upande kwa moyo, na kama Maghribi ilikuwa karibu hukuanza usichoweza kumaliza.

Ulitufundisha kusikiliza, na hilo tukushukuru. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao Yule Bibi aliupiga mara mbili, katika sahani ya kwanza akiwa msichana na katika sahani ya saba akiwa mzee. Ulikuwa ukituwekea sahani zote mbili, moja baada ya nyingine, kisha unatuuliza tumeona nini. Kijana wako Bassam alisema siku zote kuwa wa kwanza ni bora kwa sababu una mbio. Ulimwambia kweli, mbio zipo, vidole vyake hapo ni vya ajabu na mwenyewe anajua. Lakini uzeeni hakimbii. Kila sauti anaiamkia kwanza, kama jirani, ndipo anapita. Ulitwambia tuuache mkono wa kulia, huo kila mtu anausifu, tuusikilize wa kushoto, maana ndio ulioibeba nyumba. Na palikuwa na mahali, upande wa pili wa sahani ya saba, ambapo mkono huo wa kushoto hupiga mara nne polepole, kisha mara tatu kwa kidole kidogo, kisha unanyamaza. Kimya kile ulikipenda kuliko muziki wenyewe. Ulikuwa ukiinua kidole juu, unangoja, na uso wako umekwenda mbali, hapana mtu aliyeweza kukuita.

Aliyesikia vizuri kati yetu ni Afaf. Tangu ana miaka sita alikaa miguuni pako, na kidole chake kikiinuka pamoja na chako.

Lakini Afaf pia ndiye aliyelipia. Madrasani walimwita binti wa mzee wa kinanda. Wazee wawili watatu walikupitia dukani kukunasihi, na wewe uliwapa kahawa na ukawasikiliza kwa adabu. Alipokuja kuposwa mara ya kwanza, posa ikarudi, na maneno yaliyotufikia ni kwamba nyumba ile wanapiga muziki. Wewe ulisema aliyerudi kwa hilo heri arudi mapema. Afaf alilimeza, na kumbe halikushuka.

Basi ukapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa na ulimi ukafunga. Ulibaki na macho na mkono wa kushoto. Tukakulaza ukumbini ili wageni wakuone, na siku ya pili tu vidole vikaanza kugonga ubao wa kitanda.

Shangazi Fadhiya, dada yako, ndiye aliyeona kwanza. Akasema, mashallah, ulimi umefungwa lakini vidole vinamtaja Mola wake. Ni mkono wa kushoto, akaongeza, lakini mgonjwa hana lawama. Waliokuwepo wakalia. Jioni habari ilikuwa imefika hadi mtaa wa Tudor, na kesho yake wakaja watu tusiowajua, na wanawake wakaleta watoto wao wakuone. Ustadhi mmoja akakutoa mfano baada ya sala. Wale wale wazee wa nasaha wakaja, wakakaa, wakasema Shamsudin ana mwisho mwema. Tulivishwa kilemba cha ukoka, Baba, na tukakivaa, tena tukajitazama kwenye kioo.

Siku ya tatu Afaf alikuwa akikunywesha maji. Vidole vikagonga mara nne polepole. Kisha mara tatu kwa kidole kidogo. Kisha kidole kikainuka juu, kikangoja, na macho yako yakamwelekea yeye.

Alijua. Anasema alijua papo hapo, na akakuona umeona kwamba amejua. Akakupangusa mdomo na kanga, akaondoka kwenda jikoni.

Akajiambia ngoja kwanza wageni wapungue. Wageni hawakupungua. Akajiambia ataifungulia santuri kwa sauti ndogo, kisha akafikiri jirani wakisikia piano juu ya kitanda cha mgonjwa, na sifa zote hizi, itakuwaje? Miaka thelathini alikuwa binti wa mzee wa kinanda. Kwa siku mbili tatu hizi alikuwa binti wa walii. Hakutaka kurudi.

Siku ya tano akaja Katana. Alikaa kwenye kiti cha chini, hakuchukua hata muda wa kunywa kahawa, akainuka akamfuata Afaf ukumbi wa nyuma.

"Mwanangu, ile si tasbihi," alimwambia. "Ni upande wa pili. Baba yako anaomba kusikia."

"Ami Katana, tafadhali," akamjibu. "Usiliseme hilo mbele ya watu."

Katana alimtazama, akavaa kofia yake, akaenda zake. Wengine sisi tulisikia kupitia pazia. Bassam alisikia. Mama alisikia. Kila mmoja akajifanya ana kazi mahali pengine, kwa hiyo Afaf asibebeshwe peke yake, ijapokuwa mwenyewe anataka kubeba peke yake.

Alasiri ile shangazi alileta tasbihi iliyotoka Makka, akakutia mkononi ili watu waone vizuri. Uliiangusha. Tukaiokota. Ukaiangusha tena. Hapo Afaf akaleta uzi mweupe kutoka sandukuni kwake, akaifunga tasbihi kwenye kidole chako, mafundo mawili, isianguke.

Kidole hakikugonga tena. Siku mbili baadaye mkono wote ukatulia, na watu wakasema umepumzika. Ulikaa siku nane zaidi ukitazama dari, kisha ukafa. Mafundo yale Afaf aliyakata mwenyewe kwa mkasi kabla waosha hawajaingia, na hajawahi kushika uzi mweupe tangu hapo.

Matanga yakajaa. Kila aliyetupa mkono alizitaja tasbihi zako, na Afaf akaitikia kila mmoja, alhamdulillahi, alhamdulillahi. Katana alikuzika, akakutupia udongo kwa mikono yake, na nyumbani kwetu hakuingia.

Hatusemi kwamba hukumtaja Mola. Ulisali sala tano miaka yako yote na hukuhitaji vidole vikutolee ushahidi. Tunasema tu kwamba siku zile ulikuwa ukituomba kitu kidogo, kilichokuwa kabatini, hatua sita kutoka kitandani pako.

Mwezi uliopita Afaf alikwenda mtaa wa Buxton kwa Katana kumwomba radhi. Katana alimpa kiti, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mimi ningekusamehe, mwanangu. Lakini aliyenyimwa si mimi." Hakusema kwa hasira. Afaf alirudi nyumbani kwa miguu mpaka Mji wa Kale, akatukusanya, akasema kwamba hitima ya mwaka haitasomwa juu ya uongo.

Shangazi alikataa. Alisema mtamwaibisha marehemu, watu wanamkumbuka kwa heri, kwani kuna haja gani? Mama alimaliza kwanza kukunja kanga yake.

"Aibu ni yetu," akasema. "Yeye hana. Iandikeni."

Basi tumeandika. Enyi mliokuja kumzuru, mkaleta watoto wenu, mkatoka mkifuta machozi: mlichokiona ni mtu aliyekuwa akiomba, na watu wake wakamnyima kwa kuogopa maneno yenu. Hatuwalaumu. Ila kama huwa mnawahadithia watoto wenu habari ya tasbihi za Mzee Shamsudin, tunawaomba muwahadithie na hii.

Jumamosi iliyopita tuliitoa sahani ya saba. Mjukuu wako aitwaye Jana ndiye aliyeiweka sindano, maana sisi kila mmoja alimsukumia mwenzake. Upande ukaisha wote na hakuna aliyesema neno. Hatudai kwamba umesikia. Tuliipiga kwa sababu ilikuwa kabatini, na hapakuwa na sababu ya kutoipiga, na sababu hiyo haikuwepo hata siku ile.

Wanaokukumbuka ni mkeo Raihana. Dada yako Fadhiya, aliyekubali jina lake litiwe hapa baada ya kulia sana. Mwanao Bassam, aliyesikia nyuma ya pazia. Mjukuu wako Jana. Katana, ambaye tumemwomba akubali kuandikwa pamoja nasi, naye bado hajajibu, na tumemwachia nafasi yake. Na bintiyo Afaf, ambaye alijua.

Mola akulaze pema, Baba. Hatutakusahau kamwe, wala hatutajisahaulisha.