Waipa za Theluji na Ujumbe Ambao Bado Sijautuma

Mama Tatiana, nishike mkono kabla sijabonyeza simu hii,

Mimi ni Zipporah wa Croydon, hapa London, kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao na kila asubuhi naendesha gari, sasa tangu waseme theluji inakuja nikaanza kujiuliza mbona waipa za kupangusa kioo cha gari ni za aina nyingi hivi, kuna zenye vyuma wazi, kuna bapa, kuna zilizovikwa mpira mzima kama buti, basi nikafunga safari hadi Southall kwa Chandrakant, mzaliwa wa Kisumu anayeuza spea na anayejua Kiswahili kuliko watoto wangu, akanipa hizo za buti akasema, "Hizi ndizo za theluji, mama, ukipata shida rudi," nikazifunga mwenyewe na nikazitunza, hata ile plastiki ya manjano iliyofunika ukingo sijaitoa zisije zikachakaa, lakini Jumanne theluji ilipoanguka zikapaka kioo uji mweupe tu, sioni mbele, gari likapanda njia ya waenda kwa miguu na bibi mmoja mwenye mbwa akaruka, hakuumia, namshukuru Mungu, siku hiyo hiyo nikarudi kwa Chandrakant nikamwita tapeli mbele ya wateja, akaniomba tu aone gari, nikakataa nikaondoka, na sasa nimeandika ujumbe wa kutuma kwenye grupu letu la kina mama, watu mia tatu, kwamba anauza feki, mume wangu Fanuel anasema nisubiri, mimi naona nikinyamaza kuna mtu atagongwa. Niutume? Na hizi za theluji zina tofauti gani hasa na zingine?

Zipporah,

Usiutume. Ufute, halafu vaa koti uende ukaitoe hiyo plastiki ya manjano. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimekwama hapo. Plastiki ile hulinda mpira ukiwa dukani, mama. Ukingo ulio chini yake ndio unaopangusa. Najua tulivyo, kochi lina nailoni mwaka wa sita na rimoti haijatoka kwenye plastiki yake. Sikucheki sana, maana friji yangu bado ina stika ya dukani.

Swali lako la pili nimelipenda. Kwenye zile zenye vyuma wazi, theluji huingia kwenye viungo ikaganda, waipa ikakakamaa isilale vizuri kwenye kioo. Za buti zimefunikwa isiingie. Bapa hazina viungo, na kwa theluji kidogo ya London zingekutosha. Pima kila upande, mara nyingi ya dereva ni ndefu zaidi. Barafu ikwangue kwa mkono, usiwashe waipa juu yake, itachana mpira, wala usimwage maji ya birika, kioo kitapasuka. Tia maji ya kioo yasiyoganda. Ukitoa plastiki na bado huoni, usiendeshe, piga simu kazini wapange mtu mwingine.

Sasa Chandrakant. Uliogopa, na pole sana, kukaribia kumgonga mtu si mchezo. Lakini anayeuza feki haombi aone gari. Ulimwita tapeli mbele ya watu, kwa hiyo msamaha nao uombe mbele ya watu. Nenda Jumamosi duka likijaa, useme kwa sauti ile ile kwamba kosa lilikuwa lako. Utaona aibu. Yeye ameibeba tangu Jumanne, na hakukosea kitu.