Matundu Niliyoyaziba

Jumatatu, 3 Machi

Mvua siku ya tisa. Mto umeshafunika ncha za nguzo, zile zilizochongwa kukata maji. Nimekagua matao yote matano. La tatu lina ufa! Mwembamba, hata ukucha hauingii, lakini juzi haukuwepo. Nimebandika kipande cha kioo juu yake kwa plasta, kama baba alivyonifundisha. Daraja likisogea, kioo kinapasuka.

Tao hili ndilo lililowahi kuanguka, karne nyingi nyuma. Walilijenga upya kwa mawe mekundu, mengine yote ni ya kijivu. Watu hupiga picha hapo wakidhani ni urembo.

Miaka kumi na moja mimi ndiye fundi wa kulitunza daraja hili. Leo nimegusa ukuta wake nikaona haya. Sijui kwa nini. Uongo, najua sana. Nitaandika kesho.

Jumanne, 4 Machi

Haya, niandike. Ndani ya daraja, kati ya kuta mbili, kuna kifusi kilichoshikwa kwa chokaa. Mvua hupenya humo. Waliojenga wakaacha matundu ishirini na manne, maji yapate pa kutokea. Mwaka jana wageni wakubwa walikuwa wanakuja, na matundu yanachuruzika, ukuta una ukoga wa kijani. Bosi kanuna. Ni mimi niliyesema: nayaziba, mifuko miwili ya saruji inatosha. Nikaziba yote, nikapaka vumbi la mawe yasionekane. Nikapigiwa makofi, nikavimba kichwa.

Nilipanga kuyazibua wageni wakiondoka. Kazi zikawa nyingi, nikasahau. Nilipokumbuka, nikaona aibu.

Wakati wa kula nimemuuliza baba, juu juu tu: mtu akiziba yale matundu inakuwaje? Akaacha kutafuna.

"Daraja linavimba kwa ndani, mwanangu. Nani huyo asiye na akili?"

Nikasema nimesoma mahali. Hakuniondolea macho mpaka nilipotoa vyombo.

Alhamisi, 6 Machi

Kioo kimepasuka.

Nimeingia chini ya tao na tindo, nikazibua tundu moja. Maji yamenipiga kifuani — meupe! Ni chokaa inatoka, ndiyo hiyo hiyo inayoshika mawe. Nikizibua, inakwisha. Nikiacha, ukuta unavimba. Nimesimama pale nimelowa chapachapa, nikalia kama mtoto.

Nikaenda kwa bosi. Kuna ufa, tufunge daraja. Akauliza, umesababishwa na nini? Nikasema mvua, labda. Akacheka! Limesimama miaka mia saba, ndiyo lishindwe na mvua? Jumamosi linapita lori lililobeba mtambo wa hospitali, tani arobaini, barabara nyingine imekatika. Likishapita tutauangalia huo ufa wako.

Neno moja tu lingetosha. Nimelimeza.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka amepiga simu. Dereva aliyepangwa anaumwa, yeye ndiye anayelileta lile lori! Furaha tele. Eti kesho napita kwenye daraja lako, mdogo wangu, uwe na chai.

Nikamwambia asipite, lina ufa.

"Wewe tena! Si ulikuwa unakimbia hata kuku? Bosi wako amenipa ruhusa, karatasi hii hapa mkononi."

Sikumwambia habari ya matundu. Hata yeye! Kaka aliyenifundisha baiskeli. Najichukia.

Baadaye nimeandika barua, kila kitu: matundu, saruji, jina langu chini. Ofisi imefungwa. Nimeipenyeza chini ya mlango. Bosi hapokei simu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi. Nimekaa katikati ya daraja, juu ya tao la tatu, kwenye ndoo niliyoigeuza kiti. Naandika mikono ipate la kufanya. Barua bado iko pale pale, nimechungulia. Kaka simu yake imezimwa. Waenda kwa miguu nimewarudisha, mmoja kanitukana mpaka basi.

Lori limefika ng'ambo. Honi. Sitoki. Honi tena, ndefu.

Kitu kimeachia chini yangu. Jiwe — nimelisikia likiingia majini. Zito. Naogopa hata kusimama.

Amezima injini. Afadhali! Afadhali mara mia.

Anafungua mlango. Anashuka. Hapana. Anakuja kwa miguu, mikono mfukoni, anacheka, anadhani nimesusa kwa utani wake wa jana. Nampungia arudi. Na yeye ananipungia.

Nimepiga kelele: Rudi! Ni mimi, kaka, niliziba matundu, daraja linabomoka, ni mimi! Mto unanguruma. Ameweka kiganja sikioni, anaongeza mwendo apate kunisikia