Gari ya Kukodi Haichukui Maiti

Mikunguni, Unguja
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu mpenzi Simai,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute u mzima, pamoja na wifi Yusra na watoto, na lile goti lako liwe limesikia dawa. Huku kwetu hatujambo, alhamdulillahi. Masika yameanza kwa fujo, uwani kumejaa maji na maturubai yangu hayakauki, lakini afya ipo, na mwenye afya hana haki ya kulalamika sana.

Najua utashangaa kuona karatasi siku hizi, wakati simu ipo mkononi. Kaka, sauti ninazokutumia unazifungulia sebuleni, ukazisikiliza pamoja na watoto, majirani na mwuza maziwa. Habari hii si ya sebuleni. Barua nimempa Maryam wa mama mdogo, anayekuja huko Tanga kesho alfajiri kumtazama bintiye, na bahasha nimeigandisha kwa gundi mara mbili kwa sababu namjua Maryam. Isome peke yako.

Nianze na lile lililotununisha. Tangu pikapu ya marehemu baba ilipokufa injini mwezi wa Rajabu, mimi na wewe tumekuwa na neno moja tu, tununue mpya au tukodi. Wewe ukasema tununue, ukaniletea na methali kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nilicheka, lakini nilikasirika pia. Mimi ninaishi kwa kukodisha, kaka. Viti, maturubai, masufuria na masinia yangu ndiyo yanayositiri shughuli za nusu ya mitaa ya Ng'ambo. Hakuna mtu anayenunua viti mia tatu kwa ajili ya harusi ya siku moja, na simwoni mjinga anayekuja kukodi kwangu. Ukanijibu kuwa mwenye kuoza binti kila wiki angenunua viti vyake, na mimi gari naihitaji kila wiki. Hapo nikasingizia mtandao mbaya nikakata simu.

Jibu nilikuwa nalo, ila niliona haya kulisema. Nalisema sasa. Baba alikuwa na gari moja, na mtaa mzima ulikuwa nayo hiyohiyo. Ilichukua wagonjwa, mbuzi wa Idi, makabati ya maharusi, na kila maiti wa mtaa wetu aliyetaka kuzikwa kwao shamba. Wewe ulikuwa umeshahamia Tanga alipofariki, basi gari ikabaki kwangu, na hodi zake nikazirithi pia. Ikienda na mafuta ikirudi kavu. Ikienda safi ikirudi inanuka dagaa. Taa ikivunjwa naletewa dua. Baba akisema hapana, maana naye alikuwa akisema, watu walikuwa wakisema mzee leo ana shughuli. Mimi nikisema hapana, Ummukulthum ana roho ya korosho. Hapana ya mwanamke haina uzito, kaka, labda iwe na mtu mwingine nyuma yake.

Kwa hiyo nilipokwenda kwenye ile kampuni ya magari nje ya mji, sikwenda kutafuta bei. Yupo kijana mmoja pale anaitwa Hatim, mpole, kanzu yake imenyooka na maneno yake yamenyooka vilevile. Alinikalisha, akaniletea maji, akanieleza pande zote mbili bila kunisukuma. Nikikodi kwa miaka mitatu, gari inabaki yao, bima na matengenezo ni juu yao, na muda ukisha nairudisha au naongeza pesa nikaichukua moja kwa moja. Nikinunua, ni yangu tangu siku ya kwanza, na kila kitakachovunjika ni changu pia. Mimi nikamuuliza swali moja tu, kama mwenye kukodi anaweza kumwazima mtu gari. Akasema hapana, anaendesha yule aliyeandikwa peke yake. Kaka, nilifurahi moyoni kama aliyepewa zawadi. Nilimpata wa kusimama nyuma ya hapana yangu.

Nikarudi mtaani na pikapu nyeupe, mpya, viti bado vina nailoni. Maryam akakupigia siku ileile, nawe ukanuna kuwa nshaamua bila wewe. Utaniwia radhi, nilikuacha unune kwa sababu mtaa nao ulikuwa umeamini hivyohivyo, na nilipenda uamini.

Sasa nakuja kwa Bi Mize, mama yake Pandu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Habari za kifo chake ulizipata, na rambirambi ulizituma. Hukuambiwa alivyokwenda. Alifariki usiku wa kuamkia Jumatatu, na alikuwa ameusia azikwe kwao Jambiani, pembeni ya wazee wake. Baada ya sala ya alfajiri Pandu akaja kupiga hodi. Nilifungua mlango nikiwa na kanga ya sala bado. Hakuniomba kwa maneno mengi, kwa sababu katika nyumba yetu jambo hilo halikuwa likiombwa. Alisema tu kuwa mama ameshatangulia na kwamba wangependa kuondoka kabla ya adhuhuri.

Nikampa pole, nikalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Kisha nikamwambia kuwa gari si yangu, ni ya kukodi, nimefungwa na mkataba, na gari ya kukodi haichukui maiti. Akasema, “Haidhuru, dada. Mwenyezi Mungu atajaalia,” akateremka barazani, akaondoka na viatu vyake mkononi kwa sababu ya matope.

Papo hapo nikapeleka turubai na viti kwao, nikavipanga kwa mikono yangu, nikapeleka na masufuria. Nilijiambia kuwa nimefanya langu. Wanaume wakahangaika na gari. Moja ilikuwa Nungwi, nyingine haina breki, ya tatu mwenyewe hapokei simu. Mwisho walipata lori la mchanga. Walilifagia, wakatandika majamvi, wakalifunika jeneza kwa kitambaa cha kijani, na walipoondoka alasiri ilikuwa imeshasaliwa. Mvua iliwapata njiani. Jua lilikuwa linakaribia kutua ndipo walipomweka Bi Mize kaburini. Yule aliyekuwa akitupaka mafuta ya nazi kichwani mimi na wewe, mama alipokuwa hospitali, alikwenda kwao juu ya lori lililokuwa bado linadondosha mchanga. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nasoma Yasini.

Siku ya hitima ilipomalizika nikaenda kukusanya vyombo vyangu. Pandu alivihesabu pamoja nami, akavifuta, kisha akanitilia bahasha mkononi. Nilimwambia haiwezekani, vitu vya msiba kwetu havilipiwi, havijapata kulipiwa tangu enzi za baba. Akanikunja vidole juu ya ile bahasha kwa upole kabisa. Alisema amefikiri sana tangu siku ile, naye ameona kuwa siku hizi na mimi nina watu wa kuwalipa kila mwezi, tena watu wasio na huruma, na si haki mtaa unikamue upande mmoja na kampuni inikamue upande wa pili. Akaniambia, “Nshawaambia wote, dada. Mtu asije kukubishia hodi kwa habari ya gari. Muacheni bibi wa watu, kafungwa.”

Na wamesikia. Mwezi sasa, hajaja mtu. Juzi mke wa jirani yetu Ubwa alishikwa na uchungu, na mumewe alipita mbele ya mlango wangu mbiombio, akanisalimu, akaenda kutafuta gari barabarani. Alipata, na amepata mtoto wa kike, alhamdulillahi. Lakini alinipita, kaka. Nilikuwa nimesimama kizingitini na nguo zangu zote mwilini, akanipita kama mtu anavyopita duka lililofungwa. Nilikuwa nimeomba miaka yote niachwe nipumzike, na sasa nimeachwa. Sijapata kuona pumziko lenye uzito namna hii.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kitako.

Hakuna mkataba. Haukuwepo siku ile, na leo haupo. Hatim alinipa gari ile niijaribu kwa wiki moja, nione kama itafaa kwa mizigo yangu, kisha nirudi tuzungumze. Sikutia saini popote. Wala hakunitajia maiti, si kwa kheri wala kwa shari. Hilo la kuwa gari ya kukodi haichukui maiti nililitunga mimi, nimesimama mlangoni na kanga ya sala, na shahada alfajiri ileile nilikuwa nimeitamka. Na hata mkataba ungekuwepo, ningekaa mimi kwenye usukani nikawapeleka mwenyewe. Sikuwa na kazi siku ile. Pikapu ilikaa mbele ya baraza yetu kutwa nzima, nyeupe, tupu, na waliokuja kuhani walipita ubavuni mwake wamekunja nguo zao zisiichafue.

Usinitafutie sababu, maana nakujua utanitafutia. Sikuwa na chuki na Bi Mize. Nilimpenda. Niliona nailoni mpya, nikaona matope, nikaona kuwa nikisema ndiyo kwa huyu wa kwanza, basi ndiyo hiyo itaendelea mpaka gari hii nayo ife. Nilitaka kujaribu hapana yangu mpya, nikaijaribu kwa maiti. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu na imenyooka, hakuna hata mmoja aliyenisimamisha. Ningeshikwa ningepata nafuu. Badala yake yule niliyemdanganya ndiye anayenitetea mtaani, na kila anaponitetea nakosa pa kuuweka uso wangu.

Gari nilimrudishia Hatim wiki ileile, nikamwambia nitafikiri. Mtaani nimesema imekwenda kufanyiwa matengenezo, uongo mwingine huo, na hapana hata mmoja aliyeniuliza itarudi lini, na viti vyangu vinakwenda kwenye shughuli kwa gari za watu. Kwa hiyo lile swali letu bado liko palepale, kaka, hujachelewa, na kununa kwako kulikuwa kwa bure.

Nimelifikiri usiku na mchana, na nakupa rai yangu. Kwa hesabu za biashara, kukodi si kubaya, na Hatim hakunidanganya hata neno moja. Ningekuwa mtu mwingine, au ningekuwa ninakaa mahali pengine, ningekodi nikalala usingizi wangu. Lakini mimi nilikuwa nataka kukodi ukuta wa kujificha nyuma yake, na nilipoupata nimejikuta nimejifungia nje. Nikiwa na gari yangu, hapana nitakayoisema itakuwa ni yangu, na nitajifunza kuisema uso kwa uso, kwa mwenye kutaka kuhamisha kabati au kwenda kupiga picha ufukweni. Na ndiyo itakuwa yangu pia. Basi nataka tununue, kwa jina lako na langu, kama ulivyosema mwanzo. Umeshinda, lakini usinichekee sana.

Ila usitume chochote bado. Kesho baada ya alasiri nitakwenda kwa Pandu, nimrudishie bahasha yake, ambayo sijaifungua, na nimwambie kuwa siku ile ya mama yake gari ilikuwepo, mafuta yalikuwemo, na mimi nilikuwepo. Nimekuandikia wewe kwanza ili ulimi wangu uzoee. Sijui atasema nini. Nimeshawaza anitukane, na hilo nitalibeba. Ninaloliogopa zaidi ni akiniuliza kwa sauti yake ileile ya upole kama nilikuwa nimeichungulia pikapu ile dirishani wakati lori linaondoka. Maana nilichungulia.

Akinisamehe, tutanunua. Asiponisamehe, tutanunua vilevile, maana mtaa huu una wagonjwa wengine na wafu wengine. Na mimi mwenyewe, kaka, wewe uko ng'ambo ya bahari, siku yangu ikifika huwahi. Watakaonibeba ni hawahawa niliowafundisha kunipita mlangoni.

Niombee dua kesho saa kumi na moja, popote utakapokuwa. Nisalimie wifi Yusra, umwambie mdalasini wake nimempa Maryam pamoja na barua hii, na watoto wabusu vichwa kwa niaba yangu. Wa huku wote wanakusalimu, na Pandu naye alinituma salamu zako jana, akasema nikuambie kuwa dada yako ni mtu mwema. Nimezifikisha kama nilivyopewa.

Mwenyezi Mungu akuweke na atukutanishe kwa kheri.

Ni mimi, mdogo wako,
Ummukulthum