Chanuo la Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi

Kolkata, 4 Juni 2019

Dada Ketaki,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Sisi wazima, ila joto linatuchemsha. Nakutumia riwaya tuliyopokezana ofisini mpaka jalada limelegea. Ni ya mwanamke aliyebaki na chanuo la marehemu mama yake. Niliisoma kwenye treni nikalia mpaka watu wakanipisha kiti. Isome, dada. Tangu Mama atutoke mwezi wa tatu hujatoa hata chozi. Siku ya kuuchoma mwili wake ulikuwa unagombana na muuza kuni. Nataka kujua kama nina dada au nina mwalimu wa hesabu tu.

Mdogo wako,
Jhumur

Krishnanagar, 20 Juni 2019

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yanauma, lakini kuliko kitabu chako, afadhali magoti. Nimefika ukurasa wa arobaini, mvua imenyesha mara tisa. Mtu akisikitika tu, mvua hiyo! Huyu ni mwandishi au mtabiri wa hali ya hewa? Watu wake hawapiki, hawafui, kazi yao kuchungulia dirishani na kuguna. Nanyi mnalia, kwa kuwa nyuma ya jalada mmeandikiwa kwamba mtalia. Kwa sasa nimekiweka chini ya sufuria ya dengu.

Dada yako

Kolkata, 2 Julai 2019

Dada,

Shikamoo. Afya sikuulizi, anayetukana hivyo ni mzima. Kumbe hata kwenye chanuo hukufika. Basi. Kumbukumbu ya mwaka ya Mama nitaifanyia huku kwangu. Usijisumbue kuja.

Jhumur

Krishnanagar, 11 Novemba 2019

Jhumur mdogo wangu,

Hujambo? Watoto wazima? Miezi minne hujaniamkia. Riwaya yako nimeimaliza, tena mara mbili, ili niitukane vizuri. Ukurasa wa mia mbili na kumi ni uongo mtupu. Eti mwaka mzima umepita, yule mwanamke ananusa chanuo na bado linanukia mafuta ya nazi ya mama yake. Upuuzi! Harufu inaisha baada ya miezi mitano. Hata ulifunge ndani ya sari yake, hata ulifungue Jumapili tu. Miezi mitano ikipita unanusa, unakuta mbao. Hapo ndipo nililia, na mvua haikunyesha. Huyo mwandishi wenu angekuja kuniuliza.

Chanuo la Mama ulilolitafuta sana ninalo mimi. Nywele zake bado zimo, nimezihesabu: kumi na moja. Hazigawanyiki sawasawa. Njoo Machi, wewe utachukua sita.

Dada yako