Siku Niliyokataa Nilichokuwa Nakitafuta

Alhamisi, Machi 1998

Leo theluji imeyeyuka mchana ikaganda tena jioni, na moyo wangu umekwenda nayo hivyo hivyo. Lakini naandika nikiwa na furaha, na hilo nataka kulisema mapema.

Kama ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, mimi ni mtu wa maabara. Miaka kadhaa sasa nahangaika na kikaratasi kinachobadilika rangi ukikichovya kwenye maziwa yenye mabaki ya dawa za ng'ombe. Chuo hapa Minnesota kimeniweka kwenye mafunzo ya kuwasaidia watafiti waanzishe biashara. Sharti ni kwamba kabla mafunzo hayajaisha, kila mmoja awe amepata mtu wa nje aliyekubali kujaribu kitu chake. Usipompata, utafiti wako unarudi kabatini. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Sikuwa na mtu.

Tuliletewa wageni wa kuwaonyesha kazi zetu. Mmoja alikuwa mzee Arvid, mwenye kiwanda kidogo cha jibini. Alinisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana, kisha akasema, "Naweza kuvijaribu vikaratasi hivi kwangu, ukitaka."

Na mimi, mtoto wa mama yangu, nikajibu, "Hapana, usijisumbue."

Jamani, nilikuwa nasubiri anibembeleze! Kwetu Moshi mgeni akikaribishwa chakula husema ameshiba, mwenyeji anasisitiza, ndipo mgeni ananawa mikono. Nimelelewa hivyo, na ulimi ulitangulia akili. Arvid akaitikia kwa kichwa, taratibu, akaenda meza ya pili. Debra, mwalimu wetu kutoka New York, alinitazama kama nimemwaga chungu kizima cha pilau.

"Why would you say no?"

Aliniuliza kwa nini nimekataa, nami nikaanza kukusanya vikaratasi vyangu.

Nilijifungia chooni nikalia kidogo. Nilimfikiria mume wangu, aliyechukua zamu za ziada hospitalini kule Maplewood ili mimi nipate nafasi ya kusoma. Ningemwambia nini, kwamba nimekosa kwa sababu ya adabu?

Jioni nilipotoka kwenda kwenye maegesho, nilimkuta Arvid anakwangua barafu kwenye kioo cha gari langu. Alikuwa amemaliza la kwake, akahamia la jirani bila kujua ni la nani.

"Una uhakika hutaki nivijaribu?" akauliza. "Si usumbufu hata kidogo."

"Una kazi nyingi, mzee wangu," nikasema. Ndiyo, nilirudia tena! Nilitamani kujizaba kofi.

Yeye wala hakushtuka. Aliendelea kukwangua. "Basi hata vichache tu?"

"Haya, vichache," nikasema.

Akacheka. Akaniambia kuwa nyumbani kwao, hapa hapa Minnesota, mgeni hukubali kahawa akiulizwa mara ya tatu, na kwamba tangu mwanzo alijua sijakataa. Jumatatu niende kiwandani.

Nilirudi ndani mbio kumwambia Debra. Alinikumbatia kwanza, kisha akanigombeza. Namshukuru sana mama huyu. Nilipoanza mafunzo nilikuwa naielezea kazi yangu nikitazama viatu, na ni yeye aliyeninyanyua uso. Bila hivyo Arvid asingesimama mezani kwangu. Namshukuru na mume wangu, Baba Neema, ambaye niliposimulia nyumbani alicheka mpaka akakaa chini. Zile zamu zote hakuwahi kunihesabia.

Binti yetu Neema alisikiliza mwanzo mpaka mwisho, mdomo umejaa wali.

"Mom, just say yes."

Nitajitahidi, mwanangu. Kwa Debra na watu wa aina yake nitasema ndiyo mara ya kwanza. Ila Jumatatu Arvid atanikaribisha kahawa, na hiyo nitaikataa mara mbili, nikijua kabisa kwamba nitainywa.