Alama ya Baba Kwenye Kamani

Bagamoyo, Jumatano, 12 Mfunguo Tano, 1304

Mvua ya vuli imenyesha asubuhi ikakatika, na sasa, baada ya alasiri, jua limetoka na matope ya uani yameanza kukauka. Nimetulia. Sikudhani ningeandika neno hilo leo, maana nilivyoamka sikuwa nimetulia hata kidogo.

Nianze na kosa langu, nisijizungushe. Kamani ya gari la moshi imevunjika mara mbili, na mara zote mbili nilimtupia lawama shemeji yangu.

Gari lenyewe si kubwa. Linavuta miwa kwenye reli za shamba moja lililo upande wa njia ya Kerege, kutoka kondeni hadi kinuni. Tajiri wa shamba aliliagiza kutoka Bombay, likaja na fundi wa kuliunganisha, na fundi huyo ndiye aliyetufundisha kamani ni nini: mabamba ya chuma cha pua yaliyopangwa moja juu ya jingine, refu juu na fupi chini, yakafungwa pete nene katikati. Uzito wote wa gari unabebwa na mabamba hayo. Reli ikiwa na bonde, yanapinda na kurudi, gari lisirukeruke. Fundi aliporudi kwao, kazi ya kuyafua mabamba ikabaki kwangu, mhunzi mtoto wa mhunzi. Ya kuliendesha gari ikabaki kwa Feruzi, mume wa dada yangu Mwanahawa.

Bamba la juu la kamani ya kulia, nililolifua mimi, lilipovunjika mara ya kwanza, nilisema Feruzi anakimbiza gari kwenye kona. Nikafua jingine. Wiki iliyopita likavunjika na hilo, gari likalala upande, vigari viwili vya miwa vikapinduka. Kwa rehema za Mungu hakuumia mtu. Msimamizi wa shamba, Bwana Saidi, aliniita akaniuliza mbele ya watu, nami nikajibu bila kusita kwamba chuma changu ni kizima, mwendeshaji ndiye mzembe.

Feruzi alikuwepo. Jioni ile ile akaachishwa kazi.

Mtu akiachishwa kazi katika mji huu hana safari ndefu ya kutafuta nyingine. Feruzi amejiandikisha upagazi katika msafara unaopanda bara Jumamosi. Huko ni miezi mingi kwenda na mingine kurudi, ukirudi. Wapo niliocheza nao utotoni waliopita njia hiyo, na mama zao waliacha zamani kuuliza habari zao.

Juzi Mwanahawa alikuja kiwandani. Dada yangu akija kugomba, najua jambo ni dogo. Juzi hakugomba. Alisema, "Kaka, shikamoo, sikai," akaweka chini kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. "Mwenyewe kasema hiki ni chako, ukitazame." Akaondoka. Kilikuwa kipande cha bamba lililovunjika. Nilikisukuma kwa mguu hadi nyuma ya mivukuto na nikaendelea na majembe ya watu.

Siku mbili nzima sikukitazama. Naandika ili nisije nikajisahaulisha.

Leo mvua imelowesha makaa, moto umegoma kuwaka, nikakosa la kufanya. Ndipo nikakiokota.

Chuma kikikatika kwa nguvu ya siku moja, jeraha lake lote huwa jeupe, linang'aa. Hili halikuwa hivyo. Sehemu kubwa ilikuwa nyeupe, lakini upande wa juu palikuwa na kipande cheusi, chenye kutu, umbo la ukucha wa kidole gumba. Maana yake ufa ulikuwepo zamani, ukitambaa kidogo kidogo kila gari lilipopita kwenye bonde, mpaka chuma kilichobaki kikashindwa kubeba. Feruzi angekwenda polepole kama bibi harusi, bado bamba lingevunjika.

Na ule ukucha mweusi ulianzia kwenye alama yangu.

Sisi wahunzi wa ukoo huu hatutoi kitu kiwandani bila alama. Mistari mitatu na nukta, inakatwa kwa tindo chuma kikiwa bado chekundu, kabla ya kutiwa maji. Jembe letu likivunjika Mkange au Fukayosi, mwenyewe analirudisha, naona mistari mitatu, namtengenezea bila maneno. Marehemu baba aliikata, na babu kabla yake. Kwenye jembe alama inakaa shingoni na haijawahi kumdhuru mtu. Kwenye bamba la kamani niliikata juu, kando ya pete, mahali ambapo kila apitaye ataiona. Sikufikiri kwamba hapo ndipo bamba linapopinda na kuvutika kuliko pengine pote. Nililichanja pale pale linapoumia.

Nilikataa kuamini. Nikafukua chuma chakavu hadi nikakipata kipande cha lile bamba la kwanza, nilichokuwa nimekiweka nije kufua shoka. Nacho kimekatika kwenye mistari, na kina ukucha wake mweusi.

Bado nikajitafutia upenyo. Nikakumbuka kamani ya kushoto. Bamba lake la juu nalo nimelifua mimi, mwishoni mwa Ramadhani, nikiwa na haraka ya Idi, na kwa haraka hiyo nikasahau kulitia alama. Niliona aibu sana wakati ule. Bamba hilo liko palepale hadi leo, linabeba miwa ileile, linapita kona ileile, na mwendeshaji ni yuleyule.

Hapo upenyo ukaisha.

Nilikaa kwenye gogo la fuawe muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nasema kweli, sikuwa nikimfikiria Feruzi. Nilikuwa nikijifikiria mwenyewe. Hakuna aliyekiona kipande kile isipokuwa yeye na dada yangu, na Jumamosi yeye angekuwa njiani na mzigo kichwani. Bamba jipya ningelifua bila alama, lisingevunjika, na watu wangesema, mnaona, tangu Feruzi aondoke gari limetulia. Jina langu lingepanda. Nililiona wazi hilo, na kwa muda kidogo lilinipendeza. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko bamba lenyewe.

Nikavaa kanzu, nikavifunga vipande vyote viwili, nikaenda shambani kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu kwenye matope.

Bwana Saidi nilimkuta kinuni. Tulisabahiana, tukaulizana hali za nyumbani kama inavyopasa, kisha nikamwonyesha. Ni mtu asiyejua chuma, lakini ana macho. Alipitisha kidole kwenye ukucha mweusi, akaniangalia.

"Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Sikudanganya, bwana. Nilisema nisichokijua."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu," nikajibu. Nikamwomba awaite walewale, nikalirudia neno langu mbele yao kwa kinyume. Wakata miwa wawili walicheka. Nilistahili.

Amekubali Feruzi arudi. Ila nilipofika kwa Feruzi, nikagundua kwamba kukubali kwa msimamizi kulikuwa nusu ya kazi. Nilimkuta barazani anashona mkeka wake wa safari. Alinikaribisha vizuri, dada akaleta kahawa bila kunitazama. Nikamweleza yote, hata lile wazo lililonipendeza. Alisikiliza hadi mwisho, sindano mkononi.

"Siku nne kabla halijavunjika nilikwambia kamani inalia," akasema.

Aliniambia kweli. Nilimjibu kwamba yeye kazi yake ni kuendesha, chuma aniachie mimi.

"Maneno yako nimeyasikia, shemeji, na nimekusamehe. Lakini jina langu sijalitoa kwenye msafara. Tengeneza bamba lako. Ijumaa asubuhi nitapakia vigari vyote kama siku zote, nitapita kona kwa mwendo wangu wa siku zote. Wewe utakaa upande wa kulia, juu ya kamani yako. Tukifika kinuni salama, nitakwenda kwa kiongozi wa msafara kulifuta jina. Tusipofika, Jumamosi naondoka."

Mwanahawa alisimama mlangoni na birika. Ndipo akanitazama.

Nimekubali. Na sasa nimeketi hapa napanga kazi, na utulivu umenijia kwa sababu kazi ninaijua. Bamba halitakuwa na alama yoyote, wala juu wala ubavuni, wala pigo la ncha ya nyundo. Nitalisugua kwa tupa, kwa urefu, mpaka ukipitisha kidole kisikwame popote, na kingo zake nitazivunja makali. Nitalizamisha kwenye mafuta badala ya maji, kisha nilirudishe motoni polepole, lisibaki gumu la kupasuka kama chungu. Ukingo wa ndani wa pete nao niuviringishe, usilikate bamba. Na kati ya bamba na bamba nipake mafuta, yateleze yanapopinda, yasishikwe na kutu. Kisha nimwombe Feruzi anifundishe kusikia kamani inapolia, maana sauti hiyo anaijua yeye, mimi siijui.

Baba angesema nini akiona kitu kinatoka kiwandani kwake bila mistari mitatu? Nadhani angenuna siku nzima, kisha angeuliza kama kinabeba.

Kesho nitalifua bamba hilo kama mtu anayejua kwamba atalikalia yeye mwenyewe. Najiuliza yale mawili ya mwanzo niliyafua kama nani.