Sentensi ya Tano Kuhusu Mama

Mshauri Kornelia, shikamoo. Naomba univumilie, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Nasoma kidato cha pili huku Kasoli. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Gilbert, ametupa kazi ya kuandika sentensi tano kuhusu familia, za mambo yaliyoanza zamani na bado yanaendelea, akatufundisha kwamba ukitaja urefu wa muda unatumia 'for', ukitaja siku jambo lilipoanza unatumia 'since', na Ijumaa kila mmoja atasoma zake mbele ya darasa. Nne nimemaliza, lakini ya tano ni ya mama, ambaye sasa anauza dagaa Lamadi, na kila nikiandika 'since' kalamu inasimama, kwa sababu sijui tarehe aliyoondoka, nakumbuka tu nilirudi kutoka shule nikakuta kanga zake hazipo kwenye kamba. Baba nilipomuuliza alisema, "Soma, mwanangu. Hayo ni ya wakubwa." Bibi akanitajia msimu tu, "Pamba ilikuwa inapasuka." Rhoda, ninayekaa naye dawati moja, ananicheka, "We andika miaka mitatu, weka 'for', twende tukale mihogo!"

Ni kweli nitapata vema, lakini Mshauri, mimi natamani kumwona mama. Ng'ombe wa mahari yake bado wako kwa babu mzaa mama, kijijini Sola, baba hajawahi kwenda kuwadai, ila naogopa nikiomba kwenda Lamadi ataona nimemchagua mama nikamwacha yeye. Je, ninyamaze tu?

Msichana wa kidato cha pili, Kasoli

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikugombeze kidogo. Baba ulimuuliza tarehe. Wewe hutaki tarehe, unamtaka mama. Ungeomba unachokitaka.

Halafu hao ng'ombe umewataja kama kitu kidogo! Wewe ni mtoto wa Kisukuma, unajua ndoa ikivunjika ng'ombe hudaiwa. Miaka mitatu baba yako hajakanyaga Sola kuwafuata. Siwezi kukuahidi kwamba mama atarudi. Hilo ni lao wawili, usilibebe. Lakini baba yako hajamaliza naye, kwa hiyo kumtaja mama si kumsaliti baba.

Mwite dada yake baba, shangazi yako, akae karibu. Umwambie baba mwenyewe, kwa adabu: "Baba, naomba likizo ya Juni niende Lamadi siku nne kumwona mama, kisha nirudi." Hapo kwenye kurudi patamke vizuri, maana ndipo na yeye anapoogopa. Akikataa, usinune wala usitoroke. Omba umpigie mama simu, shangazi akiwepo.

Ijumaa soma miaka mitatu kwa sauti. Ni kweli, na haina aibu. Ile siku usimsumbue nayo bibi tena. Utamwuliza mama mkiwa mnaanika dagaa. Nina hakika hajaisahau.